Mzee Vangel na Wageni wa Peke Yao

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, Bw. Vangel Petkanov anastaafu baada ya kuwaongoza wageni wa mji wetu katika Ziwa Dojran kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi Zorka wa masjala nimeagizwa kuandika wasifu huu kwa sababu wenzangu wote, ghafla, wana kazi nyingi. Haya.

Alianza kwa kufuma uzio wa matete, ule ambao wazee wetu waliutumia kunasa samaki wanaoswagwa humo na ndege wapiga mbizi majira ya baridi. Ofisi yetu ya mji ilipotaka wageni waonyeshwe kazi hiyo, hakupatikana mwingine aliyejua kufuma na kusimulia kwa pamoja. Profesa mmoja alibishana naye kuhusu umri wa uzio. Vangel akamtupia mganda wa matete: "Basi jenga wako, profesa, nami nije kukuuliza umri wake!" Profesa akanuna, lakini alirudi miaka minne mfululizo.

Katika mkahawa ulio jirani na ofisi, samaki wetu wa kuchomwa kwenye vijiti vya matete haletwi nusu. Huja mzima, wa kushibisha watu watatu, na mgeni aliyekuja peke yake huishia kula saladi. Vangel hakulipenda hilo hata kidogo. Tulipomwona mgeni wa namna hiyo tulimpigia Vangel simu, naye alikuja na koti lake kuukuu akaketi naye mezani. "Kichwa chako, mkia wangu, tutakutana katikati," aliwaambia wote. Wengine hawakujua neno hata moja la lugha yetu, na bado vicheko vyao vilifika ofisini.

Sasa niseme lisilopendeza. Miaka sita iliyopita alifiwa na mkewe, Stojna. Siku ya arobaini, kama ilivyo desturi, alichemsha ngano, akaitia sukari, akangoja watu. Sisi wa masjala tulidhani wenzetu wa mashua za wageni wamekwenda kwake; watu wa mashua wakadhani sisi tumekwenda. Kumbe hakwenda yeyote! Saa saba mchana nikampigia simu mimi mwenyewe, nimesahau kabisa ni siku gani: "Mzee, kuna mama hapa yuko peke yake." Akajibu, "Nakuja, Zorka, nilikuwa nimekaa tu." Akaja na bakuli la ngano kwapani, akala na yule mama wa ng'ambo, ambaye hakujua anakula arobaini ya nani. Jioni tulipopata habari tuliona haya, tukanyamaza. Tumenyamaza miaka sita. Utuwie radhi, Mzee Vangel.

Juzi aliniletea fomu ya pensheni. Penye mtu wa karibu wa kuarifiwa akipatwa na jambo, ameandika namba ya simu ya ofisi hii. Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Nikamtazama usoni, wala hakuwa na utani.

Asante kwa kazi yako, Mzee. Sote hapa tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za heri. Ila ujue kwamba fomu ile haipokei ofisi, inataka mtu. Nimekata namba uliyoandika, nikaweka ya nyumbani kwangu, na penye uhusiano nikaandika: ndugu. Nimeiongopea serikali, na muhuri umeshagongwa.