Unyayo wa Ombasha Zaidi na Vitandiko Vinavyopumua

Mgeni rasmi, Bwana Shauri, mkuu wetu mpya wa boma, pamoja na wote mliofuatana nawe kutoka stesheni hadi hapa mbele ya boma: mbukwenyi! Ndivyo Wagogo wanavyosalimu, na leo tunakusalimu hivyo sote, Wagogo na Warangi, waliobatizwa, wanaosali msikitini na wanaotambika kwao.

KARIBU DODOMA

Sisi ni mafundi wa vitandiko vya viatu, wa kando ya njia iendayo bomani. Msomaji ni Nikodemo, kwa sababu amesoma shule ya misheni na sauti yake haitetemeki mbele ya wakubwa. Maneno ni yetu sote. Tumeambiwa kuwa Bwana anapenda risala fupi. Tumejitahidi, ila mwenye haja hana kipimo cha maneno, nawe utatuvumilia.

Tumefurahi kukuona. Tulipokuona ukishuka kwenye gari la moshi huku ukichechemea kidogo, tulifurahi zaidi, na Mungu atusamehe. Hatukufurahia maumivu yako. Tulisema tu, "Huyu atatuelewa."

TULIKOTOKA

Kazi yetu ilianzishwa na mtu mmoja, jina lake Matonya. Si mtu wa maneno. Ukimwamkia asubuhi, jibu utalipata jua likishapanda. Alizaliwa Bahi na kuchunga ng'ombe wa baba yake, na mchungaji wa huku hujifunza kusoma nyayo kabla ya kujifunza jambo jingine lolote. Ng'ombe akipotea, aliyeuona unyayo wake huufunika kwa kipande cha kibuyu ili upepo usiufute, kisha huenda kumwita mjuzi. Mjuzi huinama, akatazama, akasema ni ng'ombe wa nani, ana mimba au hana, na mguu upi unamuuma. Bahi nzima, mjuzi aliyeitwa alikuwa Matonya, tangu hajaota ndevu.

Reli ilipofika, viatu vilikuja nayo. Matonya alikuwa akikata makubazi ya ngozi ya ng'ombe, akahamia hapa na mkewe Hana, akaanza kushona buti. Hapo ndipo alipoijua shida ya watu wenye viatu. Jua la Dodoma halina mzaha, Bwana. Ikifika adhuhuri, buti ya askari ni chungu kilichofunikwa. Mguu unalowa jasho, ngozi inababuka, katikati ya vidole panachanika. Na harufu! Tuseme tu kwamba zamu mpya ilijulikana imefika kabla haijaonekana. Raia waliojaliwa viatu walivitundika shingoni, wakatembea pekupeku kutoka Nzuguni, wakavivaa walipoliona boma. Heshima ilitimia na mguu ulipona.

Matonya aliwahurumia. Alikata kipande cha ngozi ya mbuzi, akakitoboa matundu mengi, akakitandika ndani ya kiatu. Jasho lilipita matunduni, likatuama chini yake, na baada ya siku chache hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Akajaza nyasi kavu, nyasi zikavunda. Alikaa mlangoni kwake ameshika kiatu mkononi, hali chakula, hasemi, na kusema kwenyewe alikuwa hasemi tangu zamani. Hana, ambaye huchuja chumvi ya udongo wa Bahi kama mama yake na bibi yake, ndiye aliyemtoa pale.

"Baba Ruthu," alimwambia, "mimi nikichuja chumvi, kapu silikalishi chini. Naliinua juu ya vijiti. Nikilikalisha chini, hayo maji yatakwenda wapi?"

Matonya aliendelea kukitazama kiatu. Hana alikwisha kuzoea, akaendelea na chumvi yake. Jua lilipotua mumewe alimjia, akamwambia neno moja, "Vijiti," akarudi kwenye kazi.

Hivyo ndivyo kitandiko chetu kilivyozaliwa. Chini kina vipande vyembamba vya ngozi ngumu, vimelazwa kwa kuachana, ili pabaki njia za hewa toka kisiginoni mpaka vidoleni. Juu yake lipo dodoki lililokaushwa na kupondwa likalala. Juu kabisa ipo ngozi laini ya mbuzi yenye matundu. Mtu akikanyaga, kisigino kinaisukuma hewa mbele; akiinua mguu, hewa inarudi. Ni mvukuto wa mhunzi, ila unavukutwa na mwendo wa mtu mwenyewe. Kadiri unavyotembea ndivyo mguu unavyopoa.

TULICHOFANIKIWA

Leo vitandiko vyetu vinavaliwa na wafanyakazi wa reli, na mpeleka barua, na mwalimu wa misheni ambaye zamani alifundisha akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Watu wa Nzuguni sasa wanakuja na viatu miguuni toka nyumbani kwao, na wengine wanapita hapa mara mbili ili waonekane. Hatuwacheki. Kidogo tu.

Lakini kila mguu una tabia yake. Kipande kigumu kikilala mahali ambapo mwenyewe hukanyagia kwa nguvu, kitamwumiza kuliko jiwe. Uzi unapima urefu, haupimi uzito. Basi Matonya alirudi kwenye elimu yake ya Bahi. Anamkanyagisha mtu kwenye udongo uliolowa, anaukata unyayo wake kwa jembe pande zote, anaunyanyua na udongo wake, anauanika juu ya paa bapa la tembe lake ukauke. Kisha anautazama kama alivyotazama nyayo za ng'ombe. Anajua huyu huelemea nje, yule ana kidole kinachomsumbua, na anapanga vipande vyake kwa kuukwepa uchungu. Sote tuliosimama hapa tumemkanyagia udongo, tukauona unyayo wetu ukipanda juu ya tembe, tukaenda zetu kulala. Mtu anayekujua miguu amekujua, na kwa kweli tunampenda Matonya kwa hilo.

YALIYOTUSIBU

Bwana Shauri, sasa tunafika mahali pagumu.

Hapa bomani yupo askari wa cheo cha ombasha aitwaye Zaidi, kijana wa Kondoa, mcheshi, mtu wa watu. Ndiye aliyemletea Matonya buti zake za kwanza za kushona, wakati wengine walimwona mchunga ng'ombe tu. Alikuwa akija jioni, anakaa kwenye gogo, anazungumza peke yake kwa niaba ya wote wawili. Masika yalipoingia miguu yake iliharibika vibaya. Alisimama zamu huku akibadilisha mguu, machozi yanamlengalenga, na bado akitania.

Matonya alitaka kumpa zawadi bila ya kumwambia. Alijua Zaidi angekataa kupewa bure. Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, akaenda kwenye kisima ambako askari huoga. Akaukuta unyayo wa Zaidi, mtupu, mzuri, umezama wote. Kwa mjuzi wa Bahi unyayo ulioachwa njiani ni habari tu, na anayeisoma haombi ruhusa. Aliukata, akauweka kwenye ungo, akaondoka nao akiwa amefurahi.

Zaidi aliporudi kisimani kuteka maji alikuta shimo lenye umbo la mguu wake, na kingo zake zimekatwa vizuri kwa jembe. Bwana, huenda kwenu jambo hili si kitu. Huku kwetu, na Kondoa pia, anayechota unyayo wa mtu ni mchawi, na aliyechotewa huanza kuhesabu siku zake. Zaidi aliketi pale pale chini. Shaushi, mkubwa wake wa zamu, alifuata nyayo za mchukuaji mpaka kwa Matonya, akapanda juu ya tembe, akakuta nini? Nyayo za watu wa Dodoma zimepangwa safu kwa safu, zinaanikwa kando ya mtama! Hata sisi, tunaojua ni za kazi gani, tukikumbuka jinsi zilivyoonekana siku ile tunatikisa kichwa.

"Unafanya nini na nyayo za watu?" Shaushi aliuliza.

Matonya akasema, "Natafuta panapouma."

Angalikuwa na maneno mengine angaliyasema. Hakuwa nayo. Akafungwa mnyororo.

Tulikimbilia bomani kumtetea. Tulisema, "Sisi wenyewe tumempa nyayo zetu na wote ni wazima." Shaushi akatujibu kwamba aliyerogwa hawezi kumshuhudia mchawi wake, maana ulimi wake si wake tena. Basi, kila mtu aliyejua ukweli akawa hafai kuusema. Tuliondoka pale tunatazamana.

Zaidi aliacha kula. Mkewe Mwajabu alimpikia uji, naye akaumwaga. Akampikia wali kwa mchele wa Bahi, yeye akawapa kuku. Mume alikonda akabaki macho. Naye Matonya, akibeba mawe ya boma mchana kutwa na mnyororo shingoni, aliomba jambo moja tu kwa Hana: aletewe ngozi na dodoki. Unyayo wenyewe Shaushi alikwisha kuuvunja. Matonya alikuwa ameutazama mara moja, nayo ilimtosha. Akavimaliza vitandiko vya Zaidi humo kifungoni, akampa Hana, naye Hana akampelekea Mwajabu kwa siri.

"Mwenzangu, mimi naogopa," Mwajabu alisema.

"Hata mimi," Hana akamwambia. "Lakini wako anakufa kwa hofu, na wangu anakufa kwa mnyororo. Tukikaa tu, tutawazika wote wawili."

Mwajabu akavitia ndani ya buti za mumewe, usingizi ukiwa umemchukua. Haikupita juma tukamwona Zaidi amesimama zamu yake yote bila ya kubadilisha mguu. Vidonda vikafunga. Akala. Mwajabu anasema siku moja mumewe aliingiza mkono kiatuni, akakitoa kitandiko, akakigeuza huku na huku kwa muda mrefu. Kazi ya Matonya haifichiki. Hakuna mwingine anayeshona vile. Zaidi akakirudisha ndani, akavaa, akafunga kamba, akaenda zamu. Mashtaka aliyoyatoa kwa Effendi, mkubwa wa askari, hakuyafuta.

Hatumlaumu, Bwana. Askari aliyetoa neno mbele ya Effendi kisha akalirudisha anaitwa mwongo, na malipo ya mwongo ni viboko hamsa ishirini. Na mashtaka yalikwisha kuandikwa. Amesimama langoni pale, wewe umempita sasa hivi, na bado ni kijana wetu.

HAJA ZETU

Ombi la kwanza: tupatiwe mabaki ya ngozi kutoka stoo, yale yanayotupwa kwa mbwa. Mbwa tutaongea nao.

Ombi la pili: turuhusiwe kujenga kibanda kando ya njia, maana jua linakausha dodoki na fundi pamoja.

Ombi la tatu ndilo lililotuleta, na hayo mawili tukinyimwa tutashukuru vilevile. Tumesikia kwamba gari la kesho litamchukua Matonya kwenda pwani, na wanaopelekwa pwani kwa uchawi hatujawahi kumwona aliyerudi. Tunaomba umfungue. Kama ni lazima aonekane na hatia, basi kosa lake ni moja: alichukua bila kuomba kitu alichotaka kumrudishia mwenyewe kikiwa kizuri zaidi. Na ukimfungua, tunaomba Zaidi asipigwe. Tukimpata mmoja kwa mgongo wa mwingine, tutakuwa hatukupata kitu. Hana na Mwajabu wamekaa pale upande wa kushoto, kwenye mkeka mmoja. Watazame, Bwana, ndio waliotutuma.

Tunajua utasema ushahidi wetu umekwisha kukataliwa. Ndiyo maana asubuhi ya leo tumemwaga maji mbele ya kiti chako, tukaulainisha udongo, na kila mmoja wetu amevua viatu akakanyaga. Nyayo hizo unazoziona ni zetu sote, wazee kwa wanawake. Tumeziacha wazi mchana kweupe, na jembe lipo pembeni; anayetaka kuchota achote. Katikati tumeacha nafasi ya mguu mmoja. Ni ya mtu aliyeshuka kwenye gari la moshi akichechemea, ambaye Shaushi hawezi kusema kwamba amerogwa na Matonya; Matonya akiusoma unyayo wake atamwambia panapouma. Hatukuthubutu kumtaja kwa jina, wala hatusemi kwamba lazima. Tumeiacha imelowa tu, na jua la hapa halingoji.

Mungu akupe afya, akuepushe na homa, awatunze uliowaacha kwenu, na moyo wako aulainishe kama ule udongo.

Ni sisi,
Mafundi wa Vitandiko vya Viatu,
Njia ya Boma, Dodoma,
pamoja na Matonya, mkuu wetu, ambaye leo hayupo.