Mwenyekiti Aliyeitisha Mikutano kwa Mbalamwezi

Ndugu waombolezaji, ukoo wa Kashindye wa Bujora na ukoo wa Ogweno wa Shirati, leo Ijumaa tarehe 21 Novemba 2025 tumekutana hapa mwaloni Nyaluhande, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na familia imenituma mimi Obedi, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu Odeta Kashindye, na mniwie radhi sauti ikipanda, maana maisha haya hayasomeki kwa kunong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kijijini Bujora, mtoto wa tatu wa Mzee Ndalahwa Kashindye, mkulima wa pamba, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi alipohitimu darasa la saba mwaka 1976, na shuleni ndiye aliyekuwa akitangaza zamu za kufagia, kwa ukali ambao siku moja hata mwalimu wa zamu alijikuta ameshika ufagio.

Mwaka 1978 alihamia hapa Nyaluhande, akaanza kazi ya kuanika na kuuza dagaa, na ndipo alipokutana na Yakobo Ogweno, mvuvi kutoka Mara, wakafunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 25 Septemba 1982, Mungu akawajalia watoto watatu, Odera, Aoko na Kevin, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Tarehe 14 Desemba 2014 wananchi walimchagua kuwa mwenyekiti wa mtaa, na Jumamosi tarehe 21 Machi 2015 aliitisha mkutano wake wa kwanza mkubwa, saa nne asubuhi, pale ofisini kilimani, kama ilivyokuwa desturi. Wakazi waliofika walipitisha, kwa mikono juu na kwa makofi, kwamba bomba jipya la maji lijengwe jirani na ofisi, na uwanja wa kuanikia dagaa ugeuzwe kuwa maegesho ya magari, naye akarudi nyumbani anachekelea, akamwamsha mzee Yakobo ampe habari njema. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akamuuliza swali moja tu, kwamba ni nani wa mwaloni aliyekuwepo. Marehemu akafikiri, akakosa hata jina moja, maana lilikuwa giza, siku zisizo na mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao, na asubuhi wanaume huwa wamelala na kina mama wanageuza dagaa juani. Tena akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, asubuhi ile, alitoka nyumbani kwa kunyata, viatu mkononi, akiwatisha watoto wa jirani wasipige kelele, ili asimwamshe mvuvi wake.

Alicheka hadi akalia, kisha akalia kweli, maana uwanja ule ndio uliomlisha miaka yote ile, na sasa angewanyang'anya wenzake kwa sahihi yake.

Basi akasimamisha utekelezaji, akaitisha mkutano upya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 2015, mbalamwezi ikiwa pevu na mitumbwi imepumzika, saa kumi na moja jioni, si kilimani, bali hapa hapa mchangani. Mzee Masalu, mstaafu anayeheshimika sana, alipinga waziwazi, akisema serikali ya mtaa haiwezi kuendeshwa kwa kutazama mwezi, lakini alikuja na kiti chake, akabishana hadi jua likazama, na marehemu akamwachia amalize, kwa sababu alisema mkutano wa kusifiana ni harusi. Ndugu zangu, watu walijaa! Kina mama walizungumza kwanza, kwa kuwa uwanja ulikuwa wao, na kura zilipopigwa uwanja ulibaki, bomba likaja mwaloni, maegesho yakaenda kilimani, Mzee Masalu akashindwa na akapeana mkono na kila mtu.

Tangu hapo, kwa mihula miwili hadi mwaka 2024, kila mkutano ulifuata mbalamwezi, na ulianza kwa kila aliyepewa kazi mkutano uliopita kusimama na kueleza alipofikia, jambo lililowafanya wajumbe wavivu wawe na bidii ya ajabu wiki moja kabla, na mtangazaji mkuu wa mikutano hiyo, akipita nyumba kwa nyumba, alikuwa Mzee Masalu.

Mwezi Mei 2024 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa muda mrefu, na siku zake za mwisho alikuwa akituuliza mwezi umefikia wapi, kwa sababu aliogopa kuzikwa wakati wa giza, watu wa mwaloni wasiweze kumuaga. Alifariki Jumanne tarehe 18 Novemba 2025, saa tisa alasiri, giza la mwezi likiwa limekolea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, wajumbe na watendaji aliofanya nao kazi, na Mzee Masalu, ambaye juzi alitujia akatuambia tusisogeze mazishi, hilo tumwachie yeye.

Mama, leo ni giza, siku za kazi, na mitumbwi yote ya Nyaluhande imevutwa nchi kavu, wenyewe wamesimama hapa, macho mekundu, hakuna aliyelala. Akidi imetimia, mwenyekiti wetu, pumzika kwa amani.