Kwa Nywele za Aina Zote

Benchi la kona ya mashine ya kusaga lina miguu minne, na mmoja ni tofali. Unga hulipaka weupe kutwa nzima, ndiyo maana wenyeji wake hutambulikana kwa makalio kabla hujawaona nyuso. Upande wa tofali hukaa Kipara, muuza nyama ambaye hajaonekana na unywele hata mmoja tangu ajulikane, na kwa sababu hiyo ndiye msemaji mkuu wa mambo ya nywele. Katikati yupo Redio, mlinzi wa mashine, na jina limemkaa: hazimiki. Mwisho wa benchi, mgongo ukiegemea mlango wa kibanda chake cha cherehani, hukaa fundi wanayemwita Futi, kwa ule utepe wa kupimia usiotoka shingoni mwake hata akienda msalani. Miaka ishirini na sita muuza kahawa amewamiminia hapo kila jioni. Siku hiyo Futi alikuja mapema, saa nane mchana, na chupa ya kondishena ya nywele mkononi, akawakuta wote wameshatangulia. Mkewe alikuwa wodini wiki ya tatu, amepooza, hasemi.

— Nesi kasema nini hasa? aliuliza Redio.

— Nywele zimefungamana nyuma, kwa kulala. Chini yake kuna kidonda, hawawezi kukisafisha. Kasema nipeleke kondishena inayozifaa nywele zake. Saa tisa watajaribu kuzichana, mara moja tu. Zikigoma, wanakata zote.

— Sasa si unayo hiyo?

— Ninayo. Imeandikwa kwa nywele za aina zote, alisema Futi akiigeuza chupa. Ndiyo inayonitia wasiwasi. Nguo za saizi ya watu wote nimeshona sana mimi. Hazimkai mtu.

— Kwani zikikatwa zitaota, alisema Kipara.

— Zako ziliota?

Kipara akanywa kahawa.

— Akipata nafuu akajishika kichwa akakuta hamna kitu, alisema Futi, atajua ni mimi niliyekubali. Hawezi kusema. Hicho tu ndicho ninachoweza kumlindia.

Lakini benchi lile halijui kukaa na huzuni ya mtu, linajua kubishana tu, na likaanza.

— Kondishena ni utapeli, alisema Kipara. Wahenga walishamaliza: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Maji, Futi. Hawakusema kondishena.

— Methali hiyo ni ya tahadhari, alisema muuza kahawa.

— Ndiyo, tahadhari ya nywele kukauka.

— Msimsikilize huyu, alidakia Redio. Nywele ziko aina tatu: za joto, za baridi na za hasira. Zinazofungamana ni za hasira. Hizo hazitaki kondishena, zinataka kubembelezwa.

— Na zangu zilikuwa za aina gani?

— Zako zilihama.

Futi alicheka kidogo kwa mazoea, kisha akaona vibaya kwamba amecheka.

— Hiyo ya aina zote ni hatari, aliendelea Redio. Kuna mtu aliipaka, nywele zikashindwa kuchagua. Upande mmoja zikawa singa, upande wa pili kipilipili. Akipita njiani watu wanamsalimia mara mbili.

— Hilo linawezekana, alisema Kipara. Mimi nachuna ng'ombe kila siku. Ng'ombe ana nywele za aina moja toka kwato mpaka pembe, kwa nini? Kwa sababu hana mawazo. Binadamu akiwaza, nywele zinageuka. Hata ukizijua leo, mwezi ujao siyo zile.

— Saa nane na robo, fundi, alisema muuza kahawa.

Kutoka pale mpaka hospitali ni nusu saa kwa miguu. Futi alisimama, akajifuta unga, akakaa tena. Alijiambia kwamba anasubiri mmoja wao aseme la maana. Ukweli ni kwamba aliiogopa ile wodi, na hapa benchini palikuwa na kelele alizozizoea.

— Ushauri wangu, alisema Redio, haba na haba hujaza kibaba. Mimina chupa nzima kwa mpigo.

— Hapo haba iko wapi? aliuliza muuza kahawa.

— Na mgonjwa haulizwi uji. Mpakeni tu.

— Haulizwi, alisema Futi taratibu. Ningekuwa naweza kumuuliza, ningekuwa nimekaa hapa?

Waliendelea hivyo. Kipara alikuwa amefika kwenye kondishena na mwezi mchanga pale alipovuka barabara dada wa saluni, mgeni wa mtaa, aliyefungua wiki mbili tu zilizopita upande wa pili. Alikuja na kikombe chake mwenyewe.

— Dada, amua wewe, alisema Kipara. Kondishena inafaa kila nywele au haifai?

— Kila nywele ina yake, alisema. Nyembamba na laini zinataka nyepesi, ukizipaka nzito zinalala zinashikana. Nene na kavu zinataka nzito, hiyo nyepesi utakuwa umezinyunyizia maji tu. Zilizotiwa dawa ya kunyoosha nazo zina yake. Ni ya nani?

Redio alimweleza yote, kwa mara ya kwanza bila kuongeza kitu. Dada akamgeukia Futi.

— Pole, baba. Nywele za mama zikoje?

Futi alishika utepe wake.

— Kichwa chake ni inchi ishirini na mbili, alisema.

— Siulizi kichwa.

— Vilemba vyake vyote nimepinda mimi. Ana cha zambarau, ana cha maua madogo...

— Nywele, baba. Ni nene au nyembamba?

Futi aliwatazama wenzake.

— Mke wa mtu, alisema Redio. Sisi tutajuaje?

— Aliyekuwa anamsuka je?

— Dada yake. Tulimzika mwaka juzi.

— Kuishi kwingi ni kuona..., alianza Kipara, akaishia hapo.

Si kwamba Futi hakuwahi kuziona. Mtu haishi na mke miaka yote hiyo asizione. Lakini aliziona kama mtu anavyouona ukuta wa nyumba yake, na sasa akiulizwa rangi hana. Alichokumbuka ni jioni moja ya mwaka wao wa kwanza, mkewe amekaa kigodani na kitana mkononi, akimwambia, nifumulie hii mistari ya nyuma, mikono haifiki. Futi alikuwa anavaa viatu aje benchini. Alimjibu, nikirudi. Aliporudi alikuta kilemba kimeshafungwa. Siku ya pili mkewe akamwita dada yake, na Futi hakuombwa tena. Saa ya kahawa ndiyo ikawa saa ya kitana, kila jioni, mlango ukiwa umerudishwa.

— Ngoja, alisema dada wa saluni.

Akaitazama chupa ya Futi, akavuka mbio, akarudi na chupa mbili, moja nzito na moja ya nywele zenye dawa.

— Wewe ni fundi. Kitambaa unakijuaje?

— Nakishika.

— Basi zishike. Vidole vitakuambia uchague ipi.

Saa ilikuwa nane na dakika hamsini. Futi aliondoka na chupa tatu kifuani, karibu akimbie.

Alifika saa tisa na robo. Nesi alikuwa ananawa mikono.

— Tulikusubiri, baba. Kidonda hakingeweza kungoja tena.

Mkewe alikuwa amefungwa bandeji, kichwa kimekuwa kidogo kama cha mtoto, macho yakimtazama Futi au ukuta nyuma yake. Nesi akampa mfuko wa karatasi. Futi aliingiza mkono, akazisugua nywele kwa kidole gumba na cha shahada kama anavyofanya dukani kwa muuza vitambaa. Alizijua papo hapo. Akalia pale pale mbele ya wagonjwa, na utepe wake shingoni.

Kesho yake, saa ya kahawa, alimrudishia dada wa saluni chupa zake pale benchini.

— Ni nyembamba, alisema. Laini. Hazina dawa. Mbele zina mvi, nyuma hazina.

Dada aliipokea ile nzito na ile ya dawa, akaitazama ya tatu iliyobaki mkononi mwa Futi.

— Sema tu, mwanangu.

— Hiyo yako ni nyepesi, baba. Ingefaa.

Redio alizimika. Kipara aliinamia kikombe. Muuza kahawa alimimina, akasogeza kikombe cha Futi mahali pake.

— Kaa, fundi, itapoa.

Futi aliiweka chupa juu ya benchi, kwenye unga. Mkononi alibaki na kofia laini aliyoishona asubuhi, ya inchi ishirini na moja.

— Nikirudi, alisema, akaelekea hospitali.