Verlon Dale Hargis, Fundi wa Pini

Marehemu Verlon Dale Hargis alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, shambani kwa wazazi wetu nje ya mji wa Coleman, Texas. Tulizaliwa wawili; wa pili ni mimi, Royce, ninayewasomea. Baba alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, na vipigo vyangu vingi alivibeba Verlon.

Alisoma hapa hapa Coleman. Mwaka 1973 alisimamishwa shule wiki mbili kwa kumvunja pua kijana aliyenifungia chooni. Alihitimu mwaka uliofuata.

Mwaka 1981 alifungua karakana ya bunduki. Alisifika kwa bloki ya gesi, kile kipande cha chuma kinachofunika kitundu cha ubavuni mwa mtutu na kurudisha gesi ya baruti nyuma ili bunduki ijipakie risasi yenyewe. Gesi ikizidi, bunduki hujigonga ndani hadi ivunjike; ikipungua, haijipakii. Wateja walipenda bloki nyepesi za kukazwa kwa skrubu. Yeye alichagua chuma kizito na kukigongelea pini. Mteja mmoja alipobisha, Verlon aliing'oa bloki ya skrubu ya mteja huyo kwa pigo moja la nyundo.

"Skrubu ni mchumba, bwana," alimwambia. "Pini ndiyo mke."

Tarehe 12 Juni 1982 alimwoa Nelda Krueger. Alipolirudia neno hilo kwenye karamu, bibi harusi alimjibu, "Nifananishe na pini tena, uone nyundo itamwangukia nani." Walijaliwa watoto wawili.

Marehemu hakuugua. Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, tulikwenda kuwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza karanga za Nelda. Nilibeba bunduki niliyoiunda mwenyewe, bloki yake nyepesi.

"Umegonga pini, bwana mdogo?"

"Nimegonga."

"Haya, nipe hiyo nyepesi, mgongo unaniuma. Wewe shika yangu."

Dume lilitoka vichakani. Verlon alilipiga begani, na hapo bloki ikateleza. Bunduki haikujipakia. Nguruwe alimpasua paja, akarudi, akampasua tena. Kaka alimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka kikavunjika. Nilimuua nguruwe yule kwa bunduki ya kaka. Risasi sita, hakuna iliyokwama.

Damu ilikuwa imejaa viatuni mwake.

"Royce. Ilikuwa skrubu?"

"Ndiyo, kaka."

"Mjinga wewe," akasema, akanishika mkono. Hakuuachia. Alifariki saa saba na dakika ishirini mchana, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.

Niliwaambia wote kwamba ilikuwa ajali. Nilidanganya mara mbili: kwake, kisha kwenu. Naona aibu, na ninaumia.

Ameacha mjane, Nelda. Watoto, Clayton na Jolene. Mjukuu mmoja, Wade. Na mdogo wake.

Apumzike kwa amani kaka yangu, ambaye hakuacha kazi nusu. Shemeji Nelda, nyundo yake nimeileta. Nimesimama hapa.