Sinia la Lugalo: Maisha ya Batholomeo Sila Mchiwa, 1947–1999

Mpendwa wetu Batholomeo Sila Mchiwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sila Mchiwa na Mama Anjelina. Alichunga ng'ombe wa baba yake kama watoto wote wa pale, na kama wote alifinyanga ng'ombe wa udongo wa kichuguu. Wenzake walipokua waliacha. Yeye hakuacha, ila aliwaweka kando ng'ombe akaanza kufinyanga watu.

Alisoma shule ya msingi palepale Kibakwe, kisha shule ya kati Mpwapwa, akamaliza darasa la nane mwaka 1963. Huko ndiko mwalimu alikowasimulia jinsi Wahehe walivyoivizia safu ya Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Wenzake waliandika, wakafanya mtihani, wakasahau. Batholomeo alitaka kujua kila mtu alisimama wapi, kichaka kilikuwa upande gani na jua lilitokea wapi, mpaka mwalimu akamwomba awaonee huruma wenzake wenye njaa. Baadaye alisomea uchoraji ramani Dar es Salaam, akaajiriwa serikalini mwaka 1968.

Tarehe 10 Julai 1976 alifunga ndoa na Bi. Lea Yoramu kanisani Mpwapwa. Katika zawadi za arusi lilikuwamo sinia kubwa la pilau kutoka kwa shangazi yake Lea, na sinia hilo, jamani, halikupata kupakuliwa pilau zaidi ya mara tatu.

Alihamishiwa Dodoma mwaka 1978, yeye na mkewe wakapanga chumba kimoja Chang'ombe. Kikiingia kitanda na kabati, meza inabaki nje. Ofisini alikuta karani wa masjala, kijana wa Kondoa aitwaye Yahaya Anuari, naye mgonjwa wa historia kama yeye. Wakaanza kupigana vita vya zamani. Uwanja ukawa sinia la arusi. Vilima vilikuwa vya udongo, vichaka vya dodoki lililokatwakatwa, mto ulikuwa uzi wa bluu. Askari walikuwa wadogo kama punje za kunde, wamepakwa mabaki ya wino wa ofisini na kugandishwa kwa tone la nta wasianguke sinia likipandishwa juu ya kabati. Mapigano yaliamuliwa kwa dadu la ludo. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, hatua moja ya kikosi ilikuwa upana wa kidole. Walicheza zamu moja moja baada ya kazi, na sheria yao kuu ilikuwa hii: mwenye zamu ndiye humwita mwenzake.

Lea alilalamika, na haki alikuwa nayo. Kila wageni walipokuja mumewe alitumwa kwa majirani kuazima sinia, akaenda bila kununa. "Sinia langu la arusi limegeuka Uhehe," alikuwa akiwaambia wageni, na chai ya Yahaya aliipika yeye mwenyewe, sukari ikiwapo na hata ilipoadimika.

Kisha mambo yakafunguka. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika, na ofisini ukaja upepo wa kupunguza watu. Alasiri moja ya Juni 1993 walikuwa katikati ya Lugalo, Yahaya akiwaongoza Wahehe. Tarishi aligonga mlango. Batholomeo akatoka kuongea naye, akarudi na habari kwamba orodha imebandikwa: jina la Yahaya limo, lake halimo. Yahaya alikunywa chai yake mpaka mwisho, akavaa viatu, akaaga vizuri. Wiki hiyo alirudi Kondoa kuanza biashara ya alizeti.

Batholomeo alimkumbuka mno. Alituma salamu kwa makondakta wa mabasi ya Kondoa, akajibiwa salamu, basi. Zamu ilikuwa ya Yahaya, naye aliona aibu kumwita kwenye mchezo mtu aliyepoteza kazi, huku yeye bado anakula mshahara. Akasema Yahaya ataita mwenyewe moyo ukitulia. Walipohamia nyumba yao ya Area D mwaka 1995, vitu vilipakiwa kwenye gari, lakini sinia alilibeba kwa mikono miwili, akaenda nalo kwa miguu toka Chang'ombe. Sasa meza kubwa ilikuwapo, nafasi ilikuwapo, akakataa kuhamishia vita mezani. Binti yake Anjelina alipomletea pakiti ya askari wa plastiki kutoka Dar es Salaam, alishukuru, akasema mmoja wao tu angekalia kata nzima, akampa mjukuu. Kila jioni alifuta vumbi kwa unyoya wa kuku, akawatazama wale Wahehe, akasema, "Bado hajaja."

Kisukari kilimwanza mwaka 1996, akastaafu mwaka uliofuata. Figo zilichoka, macho nayo yakafifia. Mwisho hakuliona tena sinia, alilipapasa ukingo tu. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili, tarehe 8 Agosti 1999, mkewe akiwa amemshika mkono.

Yahaya alisikia tangazo la msiba redioni, akafika Jumatatu kwa basi. Baada ya kutoa pole aliomba kuliona sinia. Lea akamwonyesha, akamwambia jinsi mumewe alivyomsubiri aje kucheza zamu yake. Yahaya aliinama juu ya sinia. Kisha akaonyesha, nyuma ya kikosi cha mbele cha Wahehe, alama za nta kavu, upana wa kidole kimoja.

"Shemeji, nilishasogeza," alisema. "Alipokuwa mlangoni na tarishi. Watu wangu walikuwa wameshatoka kichakani. Zamu ilikuwa yake, nami nilikuwa nasubiri aniite."

Walilia wote wawili, na hakuna aliyewanyamazisha. Lea alimpa dadu, akamwomba amalize. Yahaya akasema hawezi kumchezea rafiki yake zamu yake, akalirudisha mahali pake.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Lea, watoto wawili, Anjelina na Yoramu, mjukuu mmoja, Sila, dada yake, na rafiki yake Yahaya Anuari, ambaye familia imeomba awe miongoni mwa watakaoshika jeneza leo, naye amekubali. Sinia litabaki kama lilivyo, na Lea ataazima jingine kwa majirani kama kawaida.

Mzee wetu, Yahaya ameitika. Umesubiri vya kutosha. Sasa pumzika kwa amani.