Namba Isiyokuwamo

Majina ya ajira za ualimu yalitoka asubuhi ile, na hapa kijiweni kwetu Wazo hakuna aliyethubutu kumuuliza Fakihi kama jina lake limo. Tunamwita Mwalimu. Digrii ya hesabu anayo, birika la kuuzia kahawa analo, darasa hajapewa mwaka wa tisa huu. Mwakani umri wa kuomba unampita. Basi tukawa tunakunywa kimya kama tuko msibani, mpaka akaanza mwenyewe.

— Nyie mnajua visivyo na mwisho havilingani? Kuna vikubwa na vidogo.

— Acha zako, Mwalimu — akasema Zege, mchanganya saruji. — Kisicho na mwisho ni kimoja tu. Tena bandu bandu huisha gogo.

— Gogo hili haliishi. Moja, mbili, tatu, hazina mwisho, lakini zinapanga foleni. Sasa chukua desimali zote kati ya sifuri na moja. Hizo hazipangiki.

— Zinapangika! — Huyo ni Injinia, fundi simu. — Mie nakuandikia orodha nzima. Mwenda pole hajikwai.

— Andika, hata isikome. Mie nachukua tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, naibadilisha. Ya pili ya namba ya pili, naibadilisha. Hivyo hivyo kushuka chini. Napata namba inayotofautiana na kila uliyoandika. Haimo.

— Si naiongeza tu!

— Ongeza. Naitafuta nyingine. Kuna wa kuachwa kila siku, Injinia.

Zege akagonga kikombe kwenye benchi.

— Ndo maana! Huko maofisini kuna kompyuta imefundishwa mchezo huo huo wa kuacha majina!

— Kompyuta wapi? Majini hayo! — akasema Injinia. — Kisicho na mwisho kikubwa wamekihamishia Masaki kwa matajiri, sie wametuachia kidogo.

Fakihi akacheka. Kicheko kile kiliniuma, nikatamani anyamaze.

Demetria, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alikuwa amekuja na chupa yake ya chai kununua kahawa, akasimama anasikiliza.

— Samahanini kaka zangu. Sasa hiyo namba isiyokuwamo, ilikosea nini?

Injinia akatazama simu yake. Fakihi akainamisha birika juu ya chupa ya Demetria, yakatoka machicha matupu.

— Imeisha, dada — akasema. — Njoo kesho. Mie nipo tu.