Nyaya Mpya za Fundi Saa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kinyozi, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali, birika la kahawa pembeni. Mwenye kijiwe ni mimi, fundi makochi. Akikwambia mtu mwingine vingine, anakudanganya. Kinyozi tunamwita Daktari kwa ajili ya koti lake jeupe. Wa tatu ni Fundi Saa, aliyefiwa na mkewe mwaka jana, akabaki peke yake nyumbani. Tangu hapo anafika kabla kahawa haijachemka, na haondoki mpaka tumfukuze. Juzijuzi alinunua nyaya za spika, muuzaji akamwambia zinataka kupigishwa muziki saa mia tatu mfululizo ndipo zizoee. Zikizoea, atasikiliza kanda aliyoirekodi marehemu kwa ajili ya binti yao aliye mbali. Kanda yenyewe haikuwahi kutumwa.

— Saa zimefika ngapi? Daktari akamuuliza.

— Mia mbili tisini na nane. Redio inaimba nyumbani kutwa kucha.

— Na sauti?

— Bado ina ubaridi.

— Kanda hujaigusa?

— Thubutu! Nyaya mbichi zitaniharibia sauti yake.

Nikaona wanapotea. Nikakohoa.

— Sikilizeni, mimi nimefunga spika kwenye kumbi mpaka nimechoka kuhesabu. Waya ni kama kiatu kipya. Umeme ukipita mara ya kwanza unabanwa vidole.

— Wewe makochi yako yenyewe yanapiga kelele, Daktari akasema. Shida ni upande. Shaba inakumbuka ilikotolewa. Ukiufunga waya kinyume, mwimbaji anaumeza wimbo.

— Anaumeza?

— Mzimamzima. Na usiulaze sakafuni, unapata mafua.

— Hayo madogo, nikamwambia. Waya niliomfungia shemeji yangu ulizoea mpaka umeme ukikatika unamalizia ubeti.

— Muongo wewe!

— Muulize shemeji.

— Shemeji yako gani? Kila siku ana kazi mpya!

Hata Fundi Saa alicheka, kidogo, akichungulia saa yake.

Ndipo akatokea dada mmoja msoma mita za maji, daftari kwapani, jasho linamtiririka.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nyumba yenye geti la bluu ni ya nani?

— Ya huyu hapa, nikamwonyesha Fundi Saa.

— Afadhali. Baba, nimebisha hodi, mama akaitika, "Karibu mwanangu, ingia ukae." Nasukuma mlango, umefungwa. Nikabisha tena. Yeye ananiuliza tu kama ninakula vizuri huko niliko. Nimesimama pale mpaka miguu imeniuma. Mbona hafungui?

Daktari akaanza kupangusa mkasi uliokuwa safi. Mimi nikanyanyua birika nimmiminie dada wa watu. Halikuwa na hata tone.

Fundi Saa aliweka kikombe chini polepole.

— Ulimsikia vizuri?

— Vizuri kabisa, baba. Kama yuko nyuma ya mlango.

Akatoa ufunguo mfukoni, akaufumbata mkononi. Hakuinuka. Na sisi, siku hiyo, hatukumfukuza.